Mchicha Unaomwagiliwa Maneno

Mtaani kwetu mtu hawezi kumwagilia bustani yake peke yake. Ukishika keni tu, hata iwe alfajiri, hata uwe umejibanza nyuma ya tangi, kichwa kinachomoza juu ya ukuta: "Jirani! Habari za bustani?" Habari za asubuhi hakuna, habari za watoto hakuna. Mke wangu aliwahi kulazwa kwa malaria, akarudi amesinyaa, anashikwa mkono kushuka kwenye bajaji. Jirani wa kwanza kumwona getini alimpa pole, sikatai, kisha akamuuliza kama siku zote hizo bamia zilipata wa kuzichuma.

Sisi ni watu wa Dar es Salaam, upande wa Barabara ya Bagamoyo. Viwanja vyetu nyumba zimevila karibu vyote. Kilichosalia ni kale kaukanda kati ya msingi na ukuta ambako mwenye kitambi hupita ubavu. Humo ndimo tunamolima, humo na kwenye viroba, na ndoo za rangi, na sinki moja la choo lililopasuka ambalo sasa lina mrehani. Lakini wasikilize wanavyozungumza, utadhani kila mmoja ana shamba la mkonge Korogwe. "Msimu huu bamia nimepunguza," atasema mtu, kwa sauti ya aliyeshauriana na benki. Bamia zake zote zinaenea kwenye ndoo mbili.

Jua likipoa wanakusanyika kwenye benchi la duka la Mangi. Nami nimo, kwa sababu benchi liko mbele ya geti langu na hakuna pa kukimbilia. Yupo Afande, mstaafu wa jeshi, ambaye mistari yake ya figili imenyooka kiasi cha kutia hofu. Yupo Mwalimu, aliyefundisha baiolojia sekondari mpaka akastaafu na bado anasubiri mtu anyooshe mkono. Yupo Mama Pacha, anayeuza maandazi asubuhi na kulima kwenye viroba mchana. Na yupo Bi Mkubwa wa nyumba ya kona, ambaye hata Afande humwamkia shikamoo, na ambaye kwa hiyo hajawahi kuambiwa ukweli kuhusu kuku wake.

Hawa watu ni wema. Nasema hivyo mapema ili nipate nafasi ya kulalamika kwa raha.

Kero yangu kubwa ni ushauri. Mpapai wangu uliota wenyewe karibu na bomba la nje. Sikuupanda, sikuuomba, ila ulikuwa unanawiri nikauacha. Baada ya kama miezi sita ukatoa maua, yamening'inia kwenye vikonyo virefu, meupe, yananukia vizuri. Nikafurahi. Mwalimu akachungulia juu ya ukuta akanikata maini. "Dume hilo. Ua la jike hukaa limebana kwenye shina. Likining'inia hivyo, ni dume. Kata, upande mwingine."

Ndani ya saa moja kikao kikawa kimekaa chini ya mpapai. Afande akasema mpapai dume dawa yake ni msumari wa inchi sita, upigiliwe usawa wa kiuno, mti ushtuke, uzae. Bi Mkubwa akasema msumari bila kanga ni kazi bure. Mpapai ufungwe kanga, uone haya, ujue sasa ni mwanamke. Mama Pacha kasikia kwao Muheza wanaukata kichwa. Mangi, ambaye hana hata mche wa pilipili, akasema misumari ya inchi sita anayo.

Mimi nilikuwa nimesimama na ndoo mkononi. Hakuna aliyeniuliza.

Afande alipigilia msumari kwa mkono wake. Kanga ilitoka kwenye kamba ya mke wangu. Miezi ikapita, na mpapai ule ule dume ukatoa mapapai matatu, marefu, membamba, yananing'inia kwenye vile vikonyo vyake. Mwalimu alieleza vizuri sana kwamba mpapai dume huweza kubadilika wenyewe, hali ya hewa ikigeuka au mti ukijeruhiwa kichwa, ukatoa matunda ya namna hiyo bila mtu kushika nyundo. Alieleza peke yake. Afande alikuwa ameshafika mtaa wa pili anatembeza habari za msumari, na Bi Mkubwa alikuwa anawaambia wateja wa Mangi kwamba siri ni kanga. Mapapai yalipoiva kila mshauri alikuja kuchukua lake. Kanga haijarudi mpaka leo.

Zikaja nyanya. Mwenye kulima nyanya anaijua hii: tunda limenona, linaanza kuwiva, unaligeuza, chini kuna baka jeusi, gumu, limebonyea. Kuoza kitako. Jambo hilo moja lilijadiliwa kwenye benchi tangu mgao mmoja wa maji hadi mwingine. Kuna aliyesema ni kantangaze. Yule mdudu kweli aliingia nchini mwaka 2014 akawaliza wakulima wa nyanya, lakini yeye hutoboa, habonyezi. Kuna aliyesema ni jicho la watu, na alipolisema hilo alikuwa ananitazama mimi. Mwalimu akasema tunda limekosa kalsiamu, na Mama Pacha hapo hapo akaenda kwa kijana wa chipsi mayai kuomba maganda. Anayaponda na kuyamwaga kwenye viroba mpaka leo, na paka wa mtaa mzima wamehamia kwake.

Ila Mwalimu alikuwa na neno la pili ambalo halikupata wasikilizaji. Mara nyingi kalsiamu udongoni ipo. Inachokosa ni usafiri, kwa sababu hupanda mmea pamoja na maji, na maji yakija kwa kusitasita, leo tele, keshokutwa vumbi, tunda ndilo huachwa nyuma. Kwa hiyo kitako cha nyanya yangu kinaoza kwa sababu bomba langu linakoroma. Ukichimba ugonjwa wowote wa bustani mtaani kwetu utaishia kwenye maji. Maji yakikatika tunaagiza boza, boza likifika linajaza tangi kwa bei ambayo siandiki hapa kwa kuwa mke wangu husoma safu hii, na hayo ndiyo maji ninayoimwagia nyanya inayooza.

Nina binamu Uingereza, huko Reading. Naye analima, vibustani vya kukodi, na wakati wa kiangazi chao hunipigia simu kunitambia maharage. Mwaka 2022 alipiga analia. Tarehe 19 Julai joto lilifika nyuzi 40.3 pale Coningsby, jambo ambalo nchi yao haikuwahi kuliona, na mwezi uliofuata wakapigwa marufuku kumwagilia bustani kwa mpira wa maji. Ukikamatwa, faini inaweza kufika pauni 1,000. Akaniambia majirani wanachunguliana madirishani. Nilimpa pole. Sisi nyuzi 40 hatufiki, shida yetu ni kwamba hizo 32 zetu huja zimelowa jasho. Na mpira haujawahi kukatazwa na mtu. Unajilaza pale uani, ruhusa yote unayo, cha kupita ndani yake ndicho hakuna.

Tuje kwa wanyama. Kuku wa Bi Mkubwa wana tabia ya kusubiri. Ukipanda mbegu za mchicha, hawaji siku hiyo. Hawaji kesho. Wanakuja siku ile vichipukizi vimetoka vyekundu vyekundu na wewe umeita watu waone. Ukimwambia mwenyewe, na kumwambia huanza na shikamoo, atajibu marahaba mwanangu, kuku wangu mimi hawajui kuchakura, hao ni wa mtaa wa pili. Anasema hivyo huku jogoo wake kasimama kwenye tuta langu, mguu mmoja juu.

Kunguru nao wana historia ya kuonea watu. Hawa wenye shingo ya kijivu si wa kwetu, waliletwa Zanzibar kutoka India katika miaka ya 1890 ili wasafishe taka mjini. Walimaliza kazi hiyo au hawakuimaliza, mimi sijui, ila walivuka bahari wakaja kunitoboa nyanya ambazo kitako chake kilikuwa bado kizima.

Lakini kuhusu konokono ilinibidi ninyamaze. Mvua za vuli ziliponyesha, wale wakubwa wa kutosha mkono mzima walipanda ukuta wangu wakala figili, wakala maua, wakala hata chokaa. Nikasema benchini kwamba balaa hili limetoka wapi. Mwalimu, ambaye alikuwa amesubiri swali hilo tangu astaafu, akajibu kuwa halijatoka popote, asili yao ni pwani hii hii ya Afrika Mashariki. Sisi ndio tuliowapa wengine. Mwaka 1966 mtoto mmoja alirudi Miami kutoka Hawaii na konokono watatu, bibi yake akawaachia bustanini. Miaka saba baadaye walikuwa zaidi ya 18,000. Serikali ya jimbo la Florida ilitumia zaidi ya dola milioni moja kuwamaliza, ikamaliza mwaka 1975. Mwaka 2011 wakaonekana tena. Zamu hii wakafunzwa mpaka mbwa wa kuwanusa, na mwaka 2021 ikatangazwa kwamba wamekwisha. Mwaka 2022 wakaibuka kaunti nyingine.

Benchi likakaa kimya. Kisha Bi Mkubwa akauliza swali la maana kuliko yote: "Na huyo bibi, bustani yake alikuwa amepanda nini?"

Kiangazi chenyewe, kile cha kaskazi, Desemba mpaka Machi, ndicho kinachonimaliza. Kwenye kipupwe, mwezi wa saba hivi, hata mvivu anavuna mchicha. Kaskazi ikivuma mchicha unasimama asubuhi, unalala mchana, jioni unakuangalia. Watu nao hivyo hivyo. Ndani hakukaliki, feni linakusukumia joto ulilolikimbia, kwa hiyo mtaa mzima unahamia nje. Benchi la Mangi linafuata kivuli cha mkrismasi siku nzima, saa nne liko huku, saa tisa liko kule, na wenye benchi wanalihamisha bila kukatisha maneno. Watoto wako likizo, wanapopoa embe. Mwembe wa Afande tawi lake moja limevuka ukuta likaja juu ya bati langu, na embe dodo ikianguka saa nane za usiku juu ya bati, hata aliyekuwa anaota mema anaamka na toba. Asubuhi nikiiokota, Afande anakohoa upande wa pili. Anajua idadi.

Basi mwezi wa pili, katikati ya joto hilo, Mwalimu akatoa hoja kwamba tumechoka na miche, twende Bagamoyo tukapunge upepo, tusahau bustani japo kwa siku moja. Sote tukachanga. Ikakodiwa Kosta. Wali na kuku (wa Bi Mkubwa, na nilikula kwa moyo mweupe kabisa) vikapakiwa. Dereva alikuwa kijana mpole, hakujua.

Hatujafika Bunju, sauti ikatoka nyuma: "Dereva, hebu simama kidogo." Pembeni ya barabara kulikuwa na kitalu cha miche. Unavijua vile vitalu: viriba vimepangwa hadi kwenye mtaro, kijana ana kofia na mpira wa maji, maana yeye maji anayo. Kosta ilimwaga watu wote. Mama Pacha akawa anabonyeza udongo wa kila kiriba kwa kidole gumba na kusikitika. Afande akaomba kuona mizizi. Bi Mkubwa alisimama mbele ya parachichi za kubebesha.

"Hii inazaa lini, mwanangu?"

"Miaka mitatu, bibi. Ukiitunza."

"Miaka mitatu! Mimi miaka mitatu nitakuwa wapi?"

Kijana akakosa la kusema, akatazama chini. Bi Mkubwa akanunua miwili.

Tulisimama tena kilomita chache mbele, kwa kuwa kitalu cha pili kilikuwa na ndimu zisizo na mbegu. Tukasimama cha tatu, kwa kuwa Afande alitaka kujua bei tu. Tulipoingia Bagamoyo, umbali wa kama kilomita 65 ambao watu wengine wanautumia asubuhi kwenda na kurudi, jua lilikuwa utosini na njia ya katikati ya Kosta ilikuwa imejaa viriba, tunashuka kwa kurukana.

Kwenye misheni ya Wakatoliki, ambako mapadri wa Roho Mtakatifu walifika mwaka 1868, kuna mbuyu mkubwa wenye kipande cha mnyororo kinachotokeza kwenye shina. Inasimuliwa kwamba bibi mmoja wa Kifaransa alizoea kumfungia punda wake hapo, mnyororo ukaachwa, mti ukaumeza. Watalii wawili walikuwa wanapiga picha kwa heshima. Afande aliuchunguza mnyororo kwa muda mrefu, akageuka kwetu na uso wa mtu aliyethibitishiwa jambo. "Mnaona? Chuma. Nilisema mimi." Mwalimu alikwenda kukaa kwenye gari.

Chakula cha mchana tulikula kwenye hoteli moja ya ufukweni, na bahari tuliiona, ilikuwa pale pale. Lakini hoteli ile ilikuwa na bugenvilia ya rangi ya chungwa. Huku kwetu ya zambarau iko kila ukuta, nyeupe Mama Pacha anayo, ya chungwa hakuna. Nikamwona Bi Mkubwa anafungua mkoba wake taratibu. Ndani ya mkoba ule, pamoja na miwani na dawa za presha, mna mkasi na gazeti lililoloweshwa. Mwanamke alitoka nyumbani hivyo, kwenye safari ya kusahau miche. Ana imani yake kwamba kipande cha kuombwa hakishiki, cha kudokoa ndicho kinachoota.

Mlinzi akatokea. "Mama, hapa hairuhusiwi kukata maua."

"Shikamoo kwanza, mwanangu. Nyumbani kwenu mnaingia hivi hivi?"

Kijana wa watu akatahayari, akavua kofia, akamwamkia, akaulizwa hali ya mama yake, akajibu. Alipomaliza kujibu tawi lilikuwa limeshafungwa gazeti. Nikajua sasa tunapelekwa kituoni, sote, na Kosta yetu. Mlinzi akaangalia mkoba, akaangalia huku na huku, akasogea, akasema kwa sauti ya chini: "Bibi, hiyo usiipande mbichi. Iache kivulini ikauke kidonda, ndipo uichomeke. Na huko kwenu mnatumia samadi gani?"

Tulichelewa kuondoka kwa sababu yake. Aligeuka akawa mmoja wao. Ana matembele nyuma ya jenereta, akatupeleka tukayaone. Bosi wake alipopita, wote tulisimama tukatazama bahari.

Kurudi nilikaa siti ya nyuma na parachichi moja ya Bi Mkubwa kati ya magoti, na bugenvilia ya chungwa kila kwenye tuta la barabara inanikumbusha kuwa ina miiba. Mbele walikuwa wanapanga safari ijayo. Amani, kule Usambara, ambako Wajerumani walianzisha kituo chao cha utafiti wa mimea mwaka 1902. "Kuna miti ya dunia nzima kule," alisema Mwalimu, na nikasikia mkoba unafungwa zipu.

Sasa twende kwenye hesabu, maana mimi ni mtu wa hesabu. Fungu la mchicha sokoni ni shilingi mia tano, limeoshwa, limefungwa, na muuzaji anakuita bosi. Fungu langu, ukijumlisha boza, mbegu za duka la pembejeo, samadi iliyoletwa na toroli, kanga moja, na tawi la mwembe nisilolikata kwa ajili ya ujirani, ni mboga ambayo ingepaswa kuliwa kwa uma na kisu. Nimeliweka hilo wazi benchini. Wakanijibu kwamba mchicha wangu unakosa nitrojeni.

Zao moja tu ndilo lililonifaa, nalo ni matembele. Unakata kipande cha shina, unakichomeka ardhini, unakwenda zako. Hayaombi boza, hayapigiliwi msumari. Kuku wakiyachakura yanaota upande wa pili. Mwalimu hana la kueleza, Afande hana la kunyoosha, Bi Mkubwa hawezi kuyadokoa kwa sababu tayari anayo. Ni mboga pekee mtaani ambayo sijawahi kusikia ikijadiliwa, na sasa imefika mpaka getini.

Kwa hiyo natangaza: nagawa matembele, bure, kila jioni kabla ya magharibi. Njoo na kisu chako, kata unachotaka, pita mlango wa nyuma ili benchi lisikuone. Ukiniuliza habari za bustani, narudisha geti.